Rottweiler wetu na mtoto anayetambaa: je, kuna mbegu za mbwa zisizofaa kukaa na watoto?

Swali

Daktari, shikamoo. Tuna mbwa jike, Rottweiler, ana miaka minne na nusu, tuko naye tangu ana miezi miwili. Anaingia ndani, hajawahi kumuuma mtu. Mtoto wetu ana miezi tisa na ameanza kutambaa. Juzi alimsogelea mbwa akiwa anakula, mbwa akakakamaa, akanguruma. Mume wangu alimchapa kwa kiatu, na tangu siku hiyo hajanguruma tena. Sasa mama mkwe anasema mbegu hiyo ni ya kuua, tumtoe, na kama tunapenda sana mbwa tuchukue kadogo. Mimi nampenda huyu mbwa, ila siku hizi amekuwa mvivu, hata kuamka asubuhi anajikongoja. Je, ni kweli kuna mbegu za mbwa ambazo hazitakiwi kabisa kukaa nyumba moja na mtoto?

Jibu

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ndani yake kuna sentensi mbili zilizonishtua kuliko hilo jina la Rottweiler, nitazifikia. Nianze na ulichouliza, kwa sababu mama mkwe wako hasemi upuuzi, na wale wanaombishia nao huwa wanasema nusu ya habari.

Watu wakibishana kuhusu mbegu za mbwa huwa wanachanganya maswali mawili. La kwanza: mbwa huyu ana uwezekano gani wa kuuma? La pili: siku akiuma, itakuwaje? Kwenye hilo la pili, mbegu ina mengi ya kusema. Rottweiler dume aliyekomaa hufika kilo 50, jike hupungua kidogo tu. Mwanao sidhani kama amepita kilo kumi. Akitambaa, uso wake unakuwa usawa mmoja na mdomo wa mbwa, na ndiyo sababu watoto wadogo huumwa zaidi kichwani, usoni na shingoni, wakati mtu mzima huwahi kukinga kwa mkono au huumwa mguu. Mbwa wa kilo tatu akimng'ata mtoto shavuni, mtoto atashonwa na pengine atabaki na kovu. Mbwa mkubwa akifanya kosa lile lile, kwa sekunde ile ile, mtoto anaweza kufa.

Na takwimu za vifo zinaonyesha hivyo. Watafiti wa Marekani walipitia vifo vilivyosababishwa na mbwa kati ya 1979 na 1998. Katika vifo 238 ambavyo mbegu ya mbwa ilitajwa, walikuta mbegu zisizopungua 25, ila mbwa wa jamii ya Pit Bull pamoja na Rottweiler walihusika katika zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo habari iliyomfikia mama mkwe, na ni ya kweli. Ambacho huwa hakifiki ni tahadhari ya watafiti wenyewe: hakuna aliyejua kwa uhakika mbwa wa kila mbegu walikuwa wangapi nchini, na vifo ni sehemu ndogo sana ya matukio yote ya kuumwa. Mbegu ikipendwa sana na watu miaka fulani, lazima ionekane zaidi kwenye matukio ya miaka hiyo.

Tukirudi kwenye swali la kwanza, la uwezekano wa kuuma, picha inageuka. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliowauliza wenye mbwa wa mbegu nyingi jinsi mbwa wao wanavyowatendea watu. Walioongoza kwa ukali dhidi ya watu walikuwa wadogo: Dachshund, Chihuahua, Jack Russell. Ukiwa daktari wa mifugo hilo halikushangazi hata kidogo, mikono yetu ina alama zao. Kisha mwaka 2022, katika jarida la Science, watafiti waliochunguza vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000 na majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 walieleza kwamba mbegu inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Yaani ukiniambia mbegu ya mbwa, umenieleza mengi kuhusu umbo lake, manyoya yake na magonjwa yatakayomsumbua, na machache sana kuhusu moyo wake.

Machache hayo hata hivyo yapo, na hapa naachana na wenzangu wanaopenda kusema hakuna mbegu mbaya, kuna wafugaji wabaya tu. Kauli hiyo ni tamu kuisikia, lakini mbwa wa kuchunga kondoo huinama na kukazia macho kundi bila kufundishwa na mtu, kwa sababu mababu zake walichaguliwa hivyo kizazi baada ya kizazi. Mababu wa Pit Bull walichaguliwa Uingereza kwa mchezo wa kushambulia fahali aliyefungwa, na ulipopigwa marufuku mwaka 1835 wakahamishiwa kupigana mbwa kwa mbwa. Aliyezalishwa ni yule aliyeng'ang'ania bila kuachia hata akiumia. Wengi wa wajukuu zao leo wanalala kwenye makochi na hawajawahi kumgusa mtu. Lakini yule mchache anayeuma, jinsi ya kuuma aliirithi, na jinsi hiyo ndiyo inayoua.

Rottweiler ana historia nyingine. Ametoka mji wa Rottweil, Ujerumani, alikofanya kazi ya kuswaga ng'ombe wa wachinjaji, kuvuta mikokoteni yao na kulinda mali. Ng'ombe hasogezwi kwa kubembelezwa, husukumwa kwa kifua na bega. Utaona hata mbwa wako anafanya hivyo, anakuegemea na kukusukuma kwa ubavu akitaka kupita au akitaka mapenzi. Kwako ni mapenzi. Kwa mtoto anayejifunza kusimama kwa kushika ukingo wa meza, ni kuangushwa kichwa chini. Katika mwaka unaokuja hilo litatokea mara nyingi kuliko kung'atwa, kwa hiyo lifikirie pia.

Serikali nazo zimejaribu njia ya kupiga marufuku. Uingereza kwa sheria ya 1991 ilizuia aina nne: Pit Bull Terrier, Tosa ya Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro, na mwishoni mwa 2023 XL Bully, mbwa mkubwa wa ukoo wa Pit Bull, akaongezwa huko England na Wales. Rottweiler hayumo kwenye orodha hiyo. Uholanzi ilizuia Pit Bull mwaka 1993, ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2008 baada ya kuona kwamba idadi ya watu wanaoumwa haikupungua. Na kuna tatizo ambalo sisi wa kazi hii tunalijua vizuri: kumtazama mbwa chotara na kutaja mbegu yake ni kubahatisha, hata kwa mtaalamu. Vipimo vya vinasaba vimetuaibisha mara nyingi.

Kwa hiyo, je, wapo mbwa ambao nisingewaruhusu ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo? Wapo. Mbwa mkubwa aliyekwisha komaa ambaye hamjui alikotoka wala alilelewaje, simtaki, awe wa mbegu yoyote. Mbwa kutoka kwa mzalishaji anayejisifu jinsi wazazi wake walivyo wakali, simtaki hata akiwa na wiki nane na ananinyonya kidole. Mbwa aliyekuwa akifungwa mnyororo mchana kutwa ili alinde, aliyezoea kwamba kila kinachomkaribia ni adui, si wa kuletwa sebuleni ghafla kwa sababu nyumba imepata mtoto. Mwaka 1994 ulitoka utafiti wa jiji la Denver uliolinganisha mbwa waliouma watu na wale ambao hawakuuma, na mnyororo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha, sambamba na udume na kutohasiwa. Na mbwa aliyekwisha kuuma mtu kwa nguvu ya kutoboa ngozi, huyo hana majaribio mengine mbele ya mtoto. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, walisema wazee. Ukitaka kumjua mbwa unayeletewa, mtazame kwanza anayekuletea.

Huyo wenu haingii kwenye kundi hilo. Amekuja akiwa na miezi miwili, katika umri ambao mbwa hujifunza nani ni wa kwao. Anaishi ndani na nyinyi, miaka minne na nusu hajamuuma mtu. Hayo ni mambo makubwa. Katika uchunguzi wa vifo 256 vya Marekani kati ya 2000 na 2009, watafiti waliacha kuhesabu mbegu peke yake wakaangalia mazingira ya kila tukio. Katika asilimia 87 hapakuwa na mtu mzima mwenye uwezo wa kuingilia kati. Katika asilimia 76 mbwa alikuwa wa kukaa kando, mbali na maisha ya kila siku ya watu. Mbegu yenyewe iliweza kuthibitishwa katika chini ya tukio moja kwa kila matano. Ukinishika mkono uniulize mtoto analindwa na nini, nitakuambia ni mtu mzima aliye macho, katikati ya mtoto na mbwa, kila dakika wanapokuwa chumba kimoja. Hata mlango ukibishwa. Hata maziwa yakichemka. Ukitoka, mmoja wao anatoka na wewe.

Sasa hizo sentensi mbili.

Ya kwanza ni hii: "tangu siku hiyo hajanguruma tena." Umeiandika kama habari njema. Mama, mimi ilinitoa jasho.

Mbwa hukata tamaa kwa ngazi. Kitu kikimkera, kwanza anageuza kichwa pembeni kama hajakuona. Analamba pua yake haraka, ulimi unatoka na kurudi mara moja tu, bila chakula. Anapiga mwayo ilhali hana usingizi. Hapo watu wengi huwa hawaoni chochote. Usipomwelewa anainuka aondoke, au akishindwa kuondoka anajikunja, masikio yanalala nyuma, na pembeni mwa jicho unaona weupe ambao kawaida hauonekani. Halafu anakakamaa. Angalia sana hapo: akiwa anakula, taya zinasimama, mdomo unabaki ndani ya bakuli, mkia na mgongo vinanyooka, anaacha hata kupumua kwa sauti. Ndipo unakuja mngurumo. Baada ya mngurumo ni kuonyesha meno, kung'ata hewa, na mwisho ni jino.

Mbwa wenu alipanda ngazi hiyo mbele yenu, akafika kwenye mngurumo, akasimama. Hakumgusa mtoto. Alisema kwa lugha yake yote aliyo nayo: mtoeni huyu, mimi siwezi. Akachapwa. Alichojifunza pale si kwamba mtoto ni rafiki. Amejifunza kwamba kunguruma kunaleta kiatu, na pengine kwamba mtoto akikaribia, maumivu yanafuata. Kinachomkera kiko pale pale. King'ora ndicho kilichozimwa. Siku nyingine anaweza kuruka kutoka kukakamaa moja kwa moja hadi jino, na watu watasema ameuma bila onyo.

Mtoto wa miezi tisa hawezi kusoma dalili hizo, na usitegemee atajifunza mapema. Watoto wa miaka minne wakionyeshwa picha ya mbwa aliyetoa meno, wengi husema anacheka. Nakuomba umwambie mume wako haya bila kumlaumu. Alimwona mwanawe hatarini, akafanya ambacho baba yeyote angefanya kwa sekunde ile. Ila wakati mwingine mbwa akinguruma, anayeondolewa ni mtoto, kimya kimya, na mbwa haguswi.

Sentensi ya pili umeiweka mwishoni kama jambo dogo: kuamka asubuhi anajikongoja. Rottweiler wa miaka minne na nusu bado hajafika uzeeni. Mbegu hii inasumbuliwa sana na kasoro za maungio, hasa nyonga na viwiko, na mbwa hatuambii kwamba anaumwa. Anakuwa "mvivu." Anachagua kona. Anaanza kuchukia kuguswa sehemu fulani, au kuchukia anayetembea ovyo karibu na sehemu hiyo.

Miaka ya nyuma niliwahi kuletewa Labrador, mbwa ambaye kila orodha inamtaja kuwa mzuri kwa watoto. Aliletwa achomwe sindano ya mwisho. Alikuwa amemng'ata mtoto wa miaka mitano juu ya nyusi, nyuzi nne, na familia nzima iliapa kwamba hapakuwa na sababu, mtoto alikuwa anamkumbatia tu kama anavyomkumbatia kila siku. Niliomba nimwangalie kwanza. Nilipoinua sikio lake la kulia, harufu ilijaza chumba. Ndani palikuwa pekundu, pamevimba, usaha umeganda kwenye manyoya. Kila kumbatio lilikuwa linabana sikio hilo. Mama wa mtoto aliketi chini palepale, akakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa mbwa alikuwa anainuka na kuhama kila mtoto akiingia. Alikuwa amekwisha sema. Tulitibu sikio, na mbwa akahamia kwa ndugu zao wasio na watoto wadogo, kwa sababu hata kukiwa na sababu, jino likishagusa uso wa mtoto mimi siwashauri watu kubahatisha mara ya pili.

Nyumbani kwenu badilisheni mambo leo, msisubiri vipimo. Mbwa ale peke yake, chumba kingine, na bakuli liondolewe akimaliza ili mtoto asilikute. Mifupa na vya kutafuna vifuate sheria hiyo hiyo. Mtafutieni mahali pa kulala ambapo mtoto hafiki kabisa, nyuma ya kizuizi cha mlangoni, awe na pa kukimbilia akichoka. Mbwa aliyelala haamshwi na mtoto, wala mtoto hakalishwi juu yake kwa ajili ya picha. Mzoezeni taratibu, kwa vitafunwa, kuvaa kizuia mdomo cha wavu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, kwa siku za wageni na vurugu. Na mkitaka kumfundisha kwamba mtu akipita karibu na bakuli ni heri, afanye hivyo mtu mzima: apite mbali, adondoshe kipande cha nyama, aendelee na safari yake. Mtoto asitumike kwa mazoezi hayo kamwe.

Kuhusu kumbadilisha kwa kambwa kadogo, simshauri mtu. Mdogo naye ana meno, na kama nilivyokueleza, hachelewi kuyatumia. Isitoshe ana mifupa myembamba. Mtoto akimwangukia atapiga kelele ya maumivu na kung'ata kwa pamoja. Mtaanza upya na mbwa msiyemjua, wakati mnaye mnayemjua.

Jambo moja halina mbegu, nalo ni kichaa cha mbwa. Karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Chanjo ya mbwa wenu isipitwe na tarehe. Mtoto akiumwa au kuparuzwa na mbwa yeyote, hata jeraha liwe dogo, lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Je, mumtoe? Kwa leo sisemi hivyo. Nitasema hivyo mkiona anamkazia macho mtoto kutoka upande wa pili wa chumba, amekakamaa, pasipo chakula wala mfupa. Au akitibiwa maumivu na bado hatulii mtoto anapoingia. Au mkijikuta wenyewe mmechoka na milango imeanza kusahaulika. Hilo la mwisho halina aibu. Akitoka, aende kwa watu wazima wasio na watoto, nao waelezwe kila kitu, pamoja na mngurumo.

Wiki hii mpeleke apimwe nyonga, viwiko, masikio na meno, apigwe picha ikibidi. Mrekodi kwa simu akiinuka asubuhi, kabla mwili haujapata joto, kwa sababu wakifika kwenye meza ya daktari mbwa wengi huficha maumivu. Na mpaka daktari atakapokuambia amekuta nini, bakuli lake likae nyuma ya mlango uliofungwa kwa komeo, si mlango uliorudishiwa tu.